Maboksi meupe ya soko la samaki: uchambuzi wa kisa cha kurejeleza polistireni katika mji wa pwani

Mazingira ya kisa

Kisa hiki kilitokea katika mji mmoja wa pwani ya Tanzania, kwenye kata ambayo soko lake la samaki na mtaa wake wa maduka ya televisheni na majokofu vinatenganishwa na mtaro mmoja wa maji ya mvua. Nimeondoa jina la mji, majina ya wahusika, jina la mnunuzi na bei walizokubaliana. Idadi chache nilizoziacha ni zile ambazo bila hizo msomaji hataelewa kwa nini uamuzi fulani ulifanyika.

Niliitwa kukishauri kikundi cha vijana 12 ambao kwa miaka kadhaa walikuwa wakiokota chupa za plastiki na kuziuza kwa kilo. Kila siku waliporudi na guta lililojaa chupa, walikuwa wameyaacha mtaroni maboksi meupe ya polistireni, plastiki nyepesi iliyojaa hewa: masanduku ya kuwekea samaki na barafu, kona za kukingia televisheni ndani ya katoni, na vyombo vya chipsi vyenye mfuniko. Wenyeji waliviita vyote maboksi meupe, na jina hilo moja lilikuja kuwa sehemu ya tatizo, kama nitakavyoeleza.

Wakati wa masika mvua iliyabeba maboksi hayo hadi kwenye mikoko, nayo yakagongwa na mawimbi na mizizi mpaka yakavunjika kuwa punje ndogo kama za mtama. Yakishafikia hali hiyo, hakuna mkono unaoweza kuyaokota. Wakati wa kiangazi yalichomwa jioni pembeni mwa mtaro. Polistireni inapoungua kwenye moto wa wazi hutoa moshi mzito na masizi mengi kuliko taka nyingine nyingi za sokoni, na masizi hayo yalitua juu ya chanja za kukaushia dagaa. Aliyeanzisha jambo lote hili ni mama mmoja mkausha dagaa, aliyekwenda kwa mwenyekiti wa mtaa na sinia la dagaa lililotapakaa weusi, akaliweka mezani na kusema kuwa hatatoa ushuru wa soko mpaka mtu amweleze atamuuzia nani dagaa wale.

Kwa nini hakuna aliyeyataka

Maboksi haya hutengenezwa kwa punje za polistireni zilizotiwa gesi ya pentani, ambazo huvimbishwa kwa mvuke wa maji kisha zikabanwa ndani ya umbo mpaka zishikane. Kinachobaki ni kitu ambacho takribani asilimia 98 ya ujazo wake ni hewa. Mita moja ya ujazo ya polistireni ngumu ina uzito wa kilo 1,050 hivi, ilhali mita hiyohiyo ya maboksi ya kufungashia bidhaa huwa kati ya kilo 15 na 30, nayo hupungua zaidi yakivunjwa na kutupwa ovyo ndani ya gari, kwa sababu ya nafasi zinazobaki kati ya vipande.

Vijana hawakuhitaji kuelezwa haya kwa maneno. Tulichukua gunia linalobeba kilo 100 za mahindi, tukalijaza maboksi yaliyovunjwa mpaka mdomoni, tukaliweka kwenye mizani yao wenyewe: lilikuwa na kilo moja na nusu. Lori ambalo sanduku lake lina mita 30 za ujazo, likijazwa maboksi hayo hadi juu, hubeba kilo 300 au zaidi kidogo, na mwenye lori hutoza safari nzima. Kwa hiyo plastiki hii haikukosa thamani, kwani polistireni iliyosafishwa na kuyeyushwa hutengenezewa fremu za picha, urembo wa dari, rula na hanga za nguo. Tatizo ni kwamba anayeisafirisha analipa nauli ya hewa.

Uamuzi wa kwanza: kupima kabla ya kununua

Kikundi kiliponiita kilikuwa tayari na mpango. Kiongozi wao alikuwa ameona kwenye simu video ya mashine inayoyeyusha maboksi na kutoa uji mzito unaoganda kuwa tofali, na walitaka kuandika ombi la mkopo usio na riba unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri ili wainunue. Niliwaomba wasubiri wiki 4. Katika muda huo wangekusanya kila boksi jeupe lililopatikana kwenye kata, walipime, na waandike daftarini lilikotoka na hali lililokutwa nayo: kavu au majimaji, safi au lenye mafuta, lenye lebo na tepu au lisilo nazo.

Walikubali shingo upande. Wiki 4 za kubeba kitu kisichouzika ni wiki 4 za kuokota chupa chache zaidi, na baadhi yao walikuwa na watoto wanaosubiri ada.

Daftari lilionyesha makundi manne. Kundi la kwanza, karibu nusu ya uzito wote, lilikuwa kinga za televisheni na majokofu kutoka madukani, kavu na safi. La pili, ambalo lilikaribia kulingana na la kwanza, lilikuwa masanduku ya samaki yenye maji, chumvi, damu, magamba na lebo. La tatu lilikuwa vyombo vya chakula, vyepesi sana kwa uzito lakini vingi kwa idadi, vyote vikiwa na mafuta na pilipili. La nne lilikuwa vipande vichache vya ubao mweupe wa ujenzi.

Hilo la nne tuliliweka kando siku hiyohiyo. Ubao wa polistireni wa ujenzi huweza kuwa na kemikali ya kuzuia moto iitwayo HBCD, ambayo Mkataba wa Stockholm uliiingiza mwaka 2013 katika orodha ya vitu vinavyopaswa kuondolewa duniani, na mtu hawezi kuitambua kwa macho. Kikundi kisicho na maabara hakina njia ya kumhakikishia mnunuzi kuwa kemikali hiyo haimo, na nilishauri wasiiguse biashara hiyo kabisa.

Mashine iliyochaguliwa na sababu zake

Mashine ya kuyeyusha, ile ya kwenye video, hutoa tofali zito zaidi, na kwa hesabu ya nauli pekee ingeshinda. Tuliikataa kwa sababu mbili. Ya kwanza ni moshi. Polistireni huanza kulainika kwenye joto la karibu nyuzi 100 za Selsiasi, na ikizidishiwa joto huanza kuvunjika na kutoa stairini, ambayo mwaka 2018 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliipandisha na kuiweka katika kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani kwa binadamu. Kibanda cha kikundi kilikuwa hatua chache kutoka kwa mama lishe, nacho hakikuwa na bomba la kutolea moshi wala fedha za kulijenga. Sababu ya pili ni umeme: mashine inayopasha joto hula luku muda wote, na umeme ukikatika katikati ya kazi, plastiki huganda ndani ya tumbo lake.

Tulichagua mashine ndogo ya kushindilia bila moto, iliyokwisha kutumika. Meno yake huvunja maboksi, kisha parafujo kubwa huvisukuma vipande ndani ya bomba linalozidi kuwa jembamba, hewa inatoka, na upande wa pili hutokea mti mweupe wa mraba unaokatika kwa urefu unaotakiwa. Mita ya ujazo ya miti hiyo ilikuwa na uzito wa takribani kilo 250, yaani lori lilelile sasa lingejaa kwa uzito kabla ya kujaa kwa nafasi. Mkopo uliochukuliwa ulikuwa mdogo kuliko uliokusudiwa mwanzoni.

Mzigo uliorudishwa

Mnunuzi alipatikana katika jiji kubwa zaidi. Alitaka polistireni iliyoshindiliwa, nyeupe, kavu, na kwa kiasi cha kujaza lori, si chini ya hapo. Hapa ndipo lilipofanyika kosa lililotugharimu kuliko yote, na uamuzi huo niliuunga mkono.

Kinga za televisheni peke yake zingechukua miezi kadhaa kujaza lori. Marejesho ya mkopo yalikuwa yanakaribia. Tuliamua kuchanganya masanduku ya samaki, tukitegemea kuwa kubanwa kwa parafujo kungeyakamua maji, na kwamba lebo chache hazingeleta shida. Miti iliyotoka ilionekana mizuri kwa nje. Ilikaa ghalani wiki 3, ikapakiwa, ikasafiri.

Mnunuzi aliikata mitatu kwa msumeno mbele ya mwakilishi wa kikundi. Ndani kulikuwa na unyevu, harufu ya samaki waliooza, na ukungu ulioanza kuota kwenye mistari ya lebo. Lakini jambo lililomfanya akatae mzigo wote lilikuwa jingine: nyuzi laini, nyeupe, zinazovutika, zilizotapakaa ndani ya miti. Hiyo haikuwa polistireni. Ilikuwa povu la polithini, ambalo watengenezaji wa televisheni hulitumia pamoja na polistireni ndani ya katoni moja, nalo ni jeupe na jepesi vilevile. Plastiki hizi mbili haziungani zinapoyeyushwa. Zikichanganyika, bidhaa hutoka na matabaka na kuvunjika kama biskuti.

Mzigo ulirudi na nauli ililipwa mara mbili. Vijana walitumia siku nyingi kuikata miti na kuichambua, na sehemu kubwa ya kazi ya miezi miwili ikaenda dampo.

Kuanzia hapo kikundi kiliacha kabisa kutumia neno maboksi meupe kazini. Kila mmoja alifundishwa kipimo kisichohitaji chombo chochote: kunja kipande kwa vidole. Polistireni iliyovimbishwa hukatika kwa mlio mkavu, na mahali ilipokatikia huonekana punje za mviringo zilizoshikana. Povu la polithini hukunjika bila kukatika, hurudi taratibu mahali pake, na likisuguliwa huteleza kama nta. Vyombo vya chakula navyo ni polistireni, na vingi vina namba 6, alama ya plastiki hiyo, chini yake, lakini hutengenezwa kwa njia nyingine, havina punje, vina ngozi laini juu, na mnunuzi wetu hakuvitaka hata vikiwa vimeoshwa. Kuvitia ndani ya maji hakusaidii kutofautisha chochote, kwa kuwa vyote vitatu huelea.

Njia mbili zilizojaribiwa au kupendekezwa

Baada ya hasara hiyo lilizuka pendekezo la kuyeyusha masanduku ya samaki kwa petroli ili kupata gundi ya kuzibia mabati yanayovuja. Ni kweli kwamba petroli huila polistireni kama maji yanavyokula sukari, na kinachobaki ni utomvu unaonata. Nililikataa pendekezo hili bila mjadala mrefu, nami ningelikataa tena. Utomvu huo ukishika moto hunata juu ya ngozi huku ukiendelea kuwaka, mvuke wake una benzini, kemikali yenye sumu, na kibanda kilikuwa karibu na majiko ya mkaa. Kuna viyeyusho visivyo na hatari kubwa namna hiyo, kama limonini inayotokana na maganda ya machungwa, ambayo kampuni ya Sony ya Japani iliifanyia kazi miaka ya 1990 kwa ajili ya taka hizihizi, lakini kuitenganisha tena na plastiki kunahitaji mtambo ambao kikundi hakikuwa nao.

Pendekezo la pili lilikuwa jema zaidi na tulilijaribu: kusaga vipande na kuchanganya na saruji na mchanga ili kufyatua tofali nyepesi. Punje zilipanda juu ya zege bichi kila mara, mpaka fundi alipozilowesha kwanza kwa uji mwepesi wa saruji. Tofali zilizopatikana zilikuwa nyepesi na zilizuia joto vizuri, lakini hazikufaa kubeba uzito wa jengo, kwa hiyo zilitumika kwenye kuta za ndani za choo cha soko tu. Tuliacha baada ya ukuta mmoja kukatwa ili kupitisha bomba, punje zikamwagika sakafuni na kufagiliwa mtaroni. Taka tuliyokuwa tukijaribu kuizuia isifike kwenye mikoko ilikuwa inakwenda hukohuko kwa mlango wa pili, ikiwa tayari imesagwa.

Marekebisho

Maduka ya vifaa vya umeme yaliombwa jambo moja dogo: wasiyatupe, bali wayarudishe maboksi ndani ya katoni yalimotoka, na guta lipite Jumatano na Jumamosi. Hilo peke yake liliondoa karibu uchafu wote wa kundi la kwanza, kwa sababu kitu ambacho hakijagusa ardhi hakihitaji kuoshwa.

Masanduku ya samaki yalihitaji mazungumzo marefu na viongozi wa soko. Tulikokotoa pamoja nao gharama ya kuyaosha kwa maji baridi na sabuni, kubandua lebo kwa kisu na kuyaanika kwenye chanja kwa siku mbili, na hesabu ikaonyesha kuwa gharama hiyo inazidi bei ya plastiki yenyewe. Mwenyekiti wa wachuuzi, mzee aliyesikiliza mpaka mwisho bila kusema neno, aliuliza swali lililokuwa kiini cha jambo zima: kama mnaiosha kwa hasara, hasara hiyo ni ya nani? Jibu lililokubaliwa baada ya vikao 3 ni kwamba mwenye sanduku ndiye mwenye taka. Kila sanduku linaloingia sokoni likatozwa kiasi kidogo, na fedha hiyo ikawa ujira wa waoshaji. Masanduku yasiyovunjika yaliruhusiwa na afisa afya kutumika tena kubebea barafu na chambo, si samaki wa kuliwa, na hivyo idadi ya yanayohitaji kushindiliwa ikapungua.

Vyombo vya chakula tuliamua kutovipokea. Uamuzi huu uliwaudhi baadhi ya watu wa mtaa, waliotegemea kuwa kikundi kingeondoa kila kilicho cheupe.

Matokeo

Katika mwaka uliofuata malori kadhaa yalipokelewa bila kurudishwa hata moja. Mashine hufanya kazi siku 2 kwa wiki. Meno yake yalivunjika mara moja kwa sababu ya pini za stepla zilizosalia kwenye vipande, na sasa sumaku hupitishwa juu ya kila gunia. Miti iliyoshindiliwa huhifadhiwa kwenye ghala la mabati lililo mbali na majiko, kwa kuwa polistireni hushika moto upesi hata ikiwa imebanwa.

Kipato kinachotokana na mauzo hakijaufikia ule wa chupa. Bei ya polistireni iliyotumika hufuata bei ya ile mpya, nayo hufuata bei ya mafuta ghafi, kwa hiyo kuna miezi ambayo mauzo hulipia nauli na luku tu. Kinachoifanya kazi iendelee ni tozo ya sanduku.

Uchambuzi

Nilichojifunza kwanza ni mipaka ya mashine. Inaondoa hewa, na kwa kufanya hivyo inaondoa kikwazo cha nauli, ambacho ndicho kila mtu hukiona. Haiondoi maji, mafuta, lebo wala plastiki ya aina nyingine, bali huvifungia ndani mahali ambapo hakuna atakayeviona mpaka msumeno upite. Kabla ya kushindilia, kosa la kuchanganya lingeweza kurekebishwa kwa dakika chache juu ya turubai. Baada ya kushindilia lilirekebishwa kwa siku nyingi, na kwa hasara. Laiti ningekuwa na nafasi ya kurudia, ningewapeleka vijana kwa mnunuzi wakiwa na mti mmoja mkononi kabla ya kutengeneza wa pili.

Masoko ya samaki ya Japani hushindilia au kuyeyusha masanduku yao kwa miaka mingi sasa, na mfano huo huletwa mara kwa mara kama ushahidi kuwa jambo linawezekana. Linawezekana kweli. Lakini huko sanduku hupokelewa ndani ya soko lenyewe, ni la aina moja, na gharama ya kulishughulikia imekubalika kuwa ya biashara ya samaki. Kikundi chetu kilifanikiwa pale kilipokaribia hali hiyo, na kilishindwa pale kilipotarajia bei ya plastiki ilipie kila kitu. Sheria ya Kenya ya mwaka 2022 kuhusu usimamizi endelevu wa taka inamtaka mzalishaji na mwingizaji wa bidhaa abebe wajibu wa kifungashio chake. Katika kata hii wachuuzi wa samaki walijitoza wenyewe kwa makubaliano, ilhali waingizaji wa televisheni, ambao polistireni yao ndiyo nyingi na rahisi kurejelezwa, hawachangii chochote. Naona hilo si haki, na nimewaandikia viongozi wa kata kusema hivyo.

Kuhusu vyombo vya chakula sijabadili mawazo. Jiji la New York lilipitisha sheria mwaka 2013 iliyotaka kwanza ijulikane kama vyombo hivyo vinaweza kurejelezwa, wakabishana mpaka mahakamani, na mwishowe marufuku ikaanza kutumika Januari 2019. Jiji lenye uwezo wa namna ile halikupata njia ya kurejeleza chombo chenye mafuta ambayo ingelipa, nami sikuona sababu ya kuwaambia vijana 12 wenye mashine moja kwamba wao wataipata. Kwa chombo cha chipsi, kazi yenye maana iko kwa muuzaji, kwenye sahani ya kuoshwa na karatasi ya kufungia.

Mazungumzo hayo na wauza chipsi yameanza lakini hayajafika mbali. Yule mama wa dagaa amezihamishia chanja zake upande wa soko, ambako hakuchomwi tena. Upande wa pili wa mtaro, kwenye vibanda vya chipsi, moto bado huwashwa jioni.